CD Zimekwaruzika, Deki Zimekwisha

CD ile ile, yenye mkwaruzo ule ule, iliweza kuimba vizuri kwenye deki ya jirani, ikarukaruka kwenye redio ya gari, na ikakataliwa kabisa na mashine ya bei mbaya iliyokaa sebuleni kwa mwenye duka. Wakazi wa Mwanza walioishi na CD, tuseme kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010, hawakuhitaji kuelezwa hilo na mtu. Ilikuwa kawaida mtu wa Kirumba au Igoma kuibeba CD iliyogoma kwake akaijaribu kwa mwenzake kabla ya kuikatia tamaa. Deki zilikuwa na sifa zake mtaani: hii inachagua, ile haichagui. Mwenye deki isiyochagua hakukosa wageni.

Siku hizi wageni hao hawapo, na deki zenyewe zimekwisha. Zilizobaki ni CD: juu ya kabati, mvunguni mwa kitanda, kwenye stoo ya kanisa. Ukiuliza, unaambiwa zimeharibika kwa mikwaruzo. Mimi siamini hivyo, na naiona kauli hiyo kuwa ya hatari, maana inatufanya tutupe vitu vyenye uhai. Nyingi kati ya CD hizo bado zinasomeka. Kinachopotea ni mashine za kuzisoma na watu wenye ujuzi wa kuzishika mashine hizo, na vyote viwili vinatoweka haraka kuliko CD zenyewe.

Tuitazame CD kwa karibu. Ni duara la plastiki ngumu, upana wake sentimita 12 na unene milimita 1.2. Upande unaong'aa, ule tunaouonea huruma, sio unaobeba nyimbo. Nyimbo ziko upande wa pili, chini kidogo tu ya maandishi, kwenye utando mwembamba wa alumini uliopakwa vanishi. Mwanga wa leza hupenya plastiki yote, hugonga alumini, kisha hurudi. Kwa hiyo mkwaruzo wa upande unaong'aa ni kama uchafu kwenye miwani: unazuia kuona, lakini haujakigusa kinachotazamwa. Mkwaruzo wa upande wa maandishi ndio unaoua, kwa sababu unang'oa alumini yenyewe, na ikishang'oka hairudi. Tulilinda upande usiostahili hofu kubwa. Majumbani CD zililazwa mezani zikiangalia juu kwa upande unaong'aa, maandishi yakisuguana na meza.

Philips na Sony, waliobuni CD na kuanza kuiuza Japani Oktoba 1982, walijua fika kwamba itakwaruzika. Ndani yake waliingiza hesabu zilizochapishwa mwaka 1960 na Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon. Sauti hukatwa vipande vidogo, vipande hivyo hutawanywa mbalimbali kwenye CD, na kila kundi hupewa namba za akiba. Kipande kikikosekana, mashine hukikokotoa upya kutokana na vilivyobaki. Pengo la hadi karibu milimita 2.5 kwenye njia ya leza huzibwa kikamilifu, na sauti inayotoka ni ile ile iliyorekodiwa studio. Likizidi hapo, hadi kama milimita 8, mashine haiwezi tena kukokotoa, ila inaweza kukisia: inachukua sauti ya kabla ya pengo na ya baada yake, inaweka ya katikati. Msikilizaji wa kawaida hatambui kitu.

Ndiyo maana mwelekeo wa mkwaruzo una uzito kuliko urefu wake. Njia ya nyimbo huzunguka kutoka tunduni kuelekea ukingoni, na ukiinyoosha inafika takriban kilometa 5. Mkwaruzo unaotoka tunduni moja kwa moja hadi ukingoni unaikata kila duru kwa kipande kidogo ambacho hesabu zinakimudu. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unaifunika njia moja kwa sentimita nzima. Nasi tulifuta CD kwa kuzungusha, kwa upindo wa kanga au shati, na katikati yake limo vumbi la mji uliojengwa juu ya majabali. Kila tulipozisafisha tulizichora mikwaruzo ya aina mbaya kuliko zote.

Kuna jambo jingine katika hesabu hizi ambalo nadhani ndilo lililotugharimu. Kanda ya kaseti ilizeeka waziwazi. Sauti ilififia, ikayumba, mvumo ukaongezeka, na mwenye kanda akajua mapema kwamba inabidi atoe nakala. CD huficha. Inaweza kuwa imekwaruzika vibaya, mashine inazibaziba mapengo kila sekunde, na wewe unasikia wimbo safi kama siku ulipoununua. Kisha siku moja mapengo yanapita uwezo wa mashine, na wimbo ule ule unagoma. Mtu anaapa kwamba jana tu ilikuwa nzima.

Deki hutofautiana pale ambapo hesabu zimeshindwa, maana hapo kila kiwanda kiliamua chenyewe mashine yake ifanye nini. Mashine nzuri za muziki ziliundwa kunyamaza: pengo likizidi, sauti inakatwa kwa muda mfupi sana, kisha inarudi. Unasikia wimbo wenye mashimo. Mashine za bei rahisi mara nyingi ziliachia sauti mbovu ipite hivyo hivyo, ndiyo ile tik tik inayofuatana na mzunguko wa CD, ya haraka zaidi kwenye nyimbo za mwanzo na ya polepole kwenye za mwisho, kwa sababu CD huzunguka kama mara 500 kwa dakika leza ikiwa karibu na tundu na hupungua hadi kama mara 200 inapofika ukingoni. Leza ikipoteza njia kabisa, kuna deki zilizoirudisha nyuma, neno moja la mwimbaji likajirudia hadi mtu anyanyuke kwenda kulikatisha, na nyingine ziliirusha mbele, ubeti mzima ukapotea. Redio za gari zilikuwa na taabu ya ziada ya barabara. Zile zenye kumbukumbu ya akiba zilisoma sekunde kadhaa mbele ili mtikisiko usisikike. Zisizo nayo ziliruka kwenye kila shimo hata CD ikiwa mpya.

Kisha kuna kukataliwa moja kwa moja. Orodha ya nyimbo imeandikwa karibu na tundu, na deki husoma hapo kwanza. Mkwaruzo mdogo mahali hapo unatosha deki kudai kwamba haina CD ndani, ingawa nyimbo zote ziko salama. Ukingoni nako kuna balaa lake. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo wimbo wa mwisho wa albamu ndefu, na mwisho wa filamu, vinakaa pale pale vidole vinaposhika na CD inapogonga inapodondoka. Watazamaji wa vibanda umiza, zile sinema ndogo za mtaani, walizijua filamu nyingi kwa mwanzo wake kuliko kwa mwisho wake.

Vibanda umiza ndipo tofauti za deki zilipoonekana kwa ukali zaidi. Filamu zilikuja kwenye VCD, mfumo wa mwaka 1993, sinema moja ikigawanywa kwenye CD mbili au tatu. Faili la kawaida la kompyuta linapoandikwa kwenye CD huongezewa ulinzi wa pili juu ya zile hesabu za Reed na Solomon. Picha za VCD hazikuongezewa. Waliotunga mfumo walipendelea nafasi hiyo ibebe dakika zaidi za filamu, wakiona kosa dogo la picha linavumilika. Na kwa vile picha moja hujengwa juu ya iliyotangulia, kosa moja huendelea kuvuruga hadi picha kamili inayofuata ije. Ndiyo maana uso wa Van Damme ulivunjika vipande vya mraba, sauti ikaendelea, mdomo ukabaki nyuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya China vilikuwa vikishindana vikali kuuza deki za VCD, na moja ya sifa zilizotangazwa kwa nguvu ni uwezo wa deki kusoma CD mbovu. Haikuwa ajabu, maana soko lao lilijaa nakala za wizi zenye ubora duni. Deki hizo, na za DVD zilizozifuata, ndizo zilizofika Mwanza kwa wingi kupitia Dar es Salaam, na ndizo zilizokuwa hazichagui. Zilikubali makosa mengi, zikavuka zisipoweza, na zikaendelea na kazi. Mashine ya bei mbaya iliundwa na mtu aliyemfikiria mnunuzi mwenye CD safi, anayeona bora kimya kuliko sauti mbovu. Kwenye kisiwa cha wavuvi, jenereta likinguruma na watu wameshalipa kiingilio kuona filamu ya kigeni yenye masimulizi ya Kiswahili ya Lufufu au DJ Mark, kimya ndicho kitu kisichokubalika. CD zilisafiri kwa mitumbwi kutoka kambi hadi kambi bila hata bahasha. Kwa mazingira hayo, deki ya Kichina ya bei rahisi ilikuwa mashine bora kuliko nyingine zote, na sioni sababu ya kuisema vinginevyo.

Fundi ndiye aliyezifanya zidumu. Kwenye meza yake kulikuwa na pamba, spiriti, bisibisi ndogo na CD moja ya majaribio ambayo anaifahamu kila inchi. Akifungua deki, kwanza anaitazama lenzi, kile kijicho cha samawati kinachoning'inia kwenye nyaya nyembamba, anakipangusa bila kukikandamiza. Kisha anasikiliza. CD ikiruka mahali pamoja kwenye deki zote, ugonjwa ni wa CD. Deki ikiruka kwenye nyimbo za mwisho za kila CD, ugonjwa ni wa deki: grisi ya reli imekauka, au mota ya kuzungusha imechoka. Kama lenzi ni safi na bado deki inachagua, kuna skrubu ndogo kabisa ubavuni mwa kifaa cha leza, na akiizungusha kidogo umeme unaokwenda kwenye leza unaongezeka. Deki iliyokuwa inachagua inasoma tena. Fundi mwaminifu alimwambia mteja kwamba leza hiyo sasa itaungua mapema, na kwamba safari ijayo itabidi kununua nyingine. Walizijua leza kwa namba, KSS-213 kwa deki za CD na VCD, SF-HD62 kwa DVD nyingi za Kichina. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Ulikaa mikononi, na mikono hiyo leo inabadilisha vioo vya simu.

Anguko lenyewe la CD lilianza kabla watu hawajaliona. Hatua ya kwanza ilikuja ndani ya CD ile ile: badala ya nyimbo 15, duka la kuchoma CD likaanza kuweka nyimbo 150 za MP3 kwenye CD moja tupu. Wanunuzi walifurahi, lakini albamu kama kitu cha kununua ilianza kupoteza maana hapo. Kisha zikaja flashi na memori kadi. Hazina mota, hazina lenzi, barabara mbovu haizisumbui. Redio ndogo ya Kichina yenye tundu la flashi iliendeshwa na betri ya BL-5C, ile ile ya simu za Nokia, ikachajiwa kwa kipaneli kidogo cha sola. Deki ilihitaji jenereta au umeme wa gridi. Kwa mvuvi wa Ukara au Goziba, hesabu hiyo ilikuwa nyepesi, na mikwaruzo wala haikuingia ndani yake.

Sera nazo zilichangia, ingawa bila kukusudia. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilianza kudai stempu za kodi kwenye CD, DVD na kanda za muziki na filamu, kwa nia njema ya kuwalinda wasanii dhidi ya nakala feki na kukusanya mapato. Lakini wimbo unaoingizwa kwenye memori kadi hauna mahali pa kubandikia stempu. Mwenye duka la CD halali akabeba gharama na ukaguzi, huku kijana mwenye kompyuta moja na nyimbo elfu kumi akifanya kazi kando yake kwa uhuru. Mwaka huo huo Mwanza iliingia kwenye matangazo ya kidijitali, king'amuzi kikachukua nafasi ya deki juu ya runinga. Yaliyofuata yanafahamika, na hayakuwa ya Mwanza pekee: huko Marekani mauzo ya CD yalifika kileleni mwaka 2000, zaidi ya CD milioni 900, na ilipofika 2022 hata santuri za zamani ziliuzwa kwa idadi kubwa kuliko CD.

Katika anguko hilo, muziki wa wasanii wakubwa haunisumbui sana. Nyimbo za Fid Q, mwana wa Mwanza, utazipata mtandaoni leo jioni ukitaka. Hofu yangu ni kwa vile ambavyo havikuwahi kufika Dar es Salaam. Kwaya za kanda hii, zile za kanisa la AIC na za Kikatoliki, zilirekodi CD na VCD zilizouzwa mlangoni baada ya ibada, na nyingine zilitolewa nakala chache tu. Harusi, send-off na misiba ya miaka hiyo ilikabidhiwa kwa familia kwenye DVD moja au mbili zilizochomwa na mpiga video ambaye kompyuta yake ilishakufa zamani.

Na kuna ngoma za Wasukuma. Mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma, huzaa nyimbo mpya kila msimu. Manju hutunga kuhusu mambo ya mwaka ule, bei ya pamba, ugomvi na kundi la upinzani, kiongozi aliyeahidi akasahau, na mwaka unaofuata anatunga nyingine. Wimbo wa msimu uliopita hauna wa kuurudia. Wapiga video wa hapa hapa walirekodi sherehe hizo, wakachoma CD, zikauzwa minadani na kwenye magulio. Mtafiti Frank Gunderson, aliyechapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, alikusanya zaidi ya nyimbo 300 na kuonyesha ni historia kiasi gani iliyomo ndani ya tungo za aina hii. Zile za minadani hakuna aliyezikusanya namna hiyo. Kama nakala ya mwisho iko kwenye CD mvunguni kwa mtu Magu au Misungwi, basi hiyo ndiyo kumbukumbu yote iliyopo.

CD hizi za kuchoma zina udhaifu ambao CD za kiwandani hazina. Hazina vishimo vilivyogongwa kwenye plastiki. Zina rangi maalumu ambayo leza iliichoma ili kuacha alama. Rangi hiyo huchuja yenyewe kwa joto na mwanga, hata isipoguswa. CD iliyokaa kwenye dashibodi ya gari au dirishani inaweza kuwa haina mkwaruzo hata mmoja na isisomeke popote. Stika ya karatasi, iliyokuwa fahari ya maduka mengi, hubanduka kwa unyevu na hung'oka pamoja na utando unaong'aa. Utaitambua CD ya kuchoma kwa kuitazama kwa chini: ina rangi ya zambarau, samawati au kijani, wakati ya kiwandani ni nyeupe kama fedha. Ya kiwandani inaweza kusubiri, hata ikiwa na mikwaruzo. Ya kuchoma, ingawa inaonekana nzima, haina muda.

Kazi ya kuziokoa haihitaji maabara. Inahitaji kompyuta kuukuu yenye trei ya CD, na ikiwezekana mbili au tatu za viwanda tofauti. Deki hulazimika kuendana na mwendo wa wimbo, kompyuta hailazimiki. Inaweza kupunguza mwendo na kurudia mahali pamoja mara mia hadi ipate jibu. Kwa CD za muziki ipo programu ya bure ya cdparanoia. Kwa DVD na CD za mafaili ipo ddrescue, nayo ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu inaweka rekodi ya sehemu zilizokwisha kusomwa na zilizogoma. Unaihamishia CD kwenye trei ya kompyuta nyingine, inaendelea na zile zilizogoma tu. Trei ya kwanza ilishindwa hapa, ya pili inapaweza. Kile ambacho mtu wa Kirumba alifanya kwa kupeleka CD kwa jirani, programu inakifanya kwa utaratibu, sehemu kwa sehemu, hadi vipande vilivyosomwa na mashine mbalimbali viungane kuwa nakala moja. Kabla ya hapo, CD ioshwe kwa maji na sabuni laini, ifutwe kwa pamba kutoka tunduni kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Mkwaruzo mkubwa wa upande unaong'aa unaweza kusuguliwa taratibu kwa dawa ya meno, kwa mwelekeo huo huo, nao hupungua. Upande wa maandishi usiguswe.

Mwanza ina taasisi zinazoweza kuibeba kazi hii. Pale Bujora lipo jumba la makumbusho la Wasukuma lililoanzishwa na Padri David Clement, ambapo ngoma za sherehe ya Bulabo huchezwa kila mwaka na manju wenyewe hufika. Chuo cha SAUT pale Malimbe kinafundisha uandishi wa habari na kina wanafunzi wanaotafuta kazi za vitendo. Radio Free Africa inasikika hadi visiwani, na tangazo moja la jioni lingewafikia wenye CD hizo. Mafundi waliozijua leza kwa namba bado wako Makoroboi na Mlango Mmoja, wanatengeneza simu, na wengi wao wangeweza kuifufua deki ikiwa mtu angewaletea. Kuhusu wapi pa kuanzia sina shaka: CD za kuchoma zenye ngoma na kwaya, zilizorekodiwa kabla ya 2012, na kati ya hizo, zile zilizobandikwa stika ziende kwenye trei kwanza.